Rigil Kentaurus na Toliman: majina ya kale yasigawanywe

Alpha Centauri inashika nafasi ya tatu kwa mng'ao angani usiku, nyuma ya Sirius na Canopus. Macho matupu huona nukta moja, lakini pale pana nyota mbili, A na B, zinazozungukana kwa takriban miaka 80, umbali wa miaka-nuru 4.37 kutoka kwetu.

Mwaka 2016 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia uliidhinisha jina Rigil Kentaurus kwa A peke yake. Mwaka 2018 B nayo ikapewa Toliman. Naupinga mgawanyo huu. Majina yote mawili yana asili ya Kiarabu: la kwanza ni mguu wa yule kiumbe nusu mtu nusu farasi, la pili linatoka kwa mbuni. Yalikuwapo kabla ya mtu yeyote kujua kwamba kuna jozi, maana jozi ilitambuliwa mwaka 1689 na kasisi Jean Richaud, alipoelekeza darubini kwenye nyota yenye mkia akiwa Pondicherry, India. Wachina nao waliihesabu kama nyota moja, ya pili katika kundi la nyota waliloliita Lango la Kusini. Waboorong, wenyeji wa asili wa Victoria, Australia, waliiunganisha na jirani yake Hadar wakaziita Bermbermgle: ndugu wawili waliomchoma mkuki Tchingal, ndege emu, ambaye ni lile doa jeusi kando ya Msalaba wa Kusini. Mng'ao mmoja, jina moja. Kwa kuzitenganisha nyota zenyewe, herufi A na B zinatosha kabisa.

Anayetaka kuiona jozi aanze katikati ya Juni, mnamo saa tatu usiku, nyota inapofika juu kabisa upande wa kusini. Aliye kwenye ikweta ataikuta nyuzi 29 tu juu ya upeo. Aliye kaskazini zaidi ya latitudo ya nyuzi 29 haioni kamwe. Mstari kutoka Alpha kupitia Hadar huelekea Msalaba wa Kusini wa kweli, si ule wa uongo unaowapoteza wengi. Wengine hudhani jozi yenyewe ni Alpha na Hadar. Sivyo: Hadar iko mbali mno, mamia ya miaka-nuru.

Darubini yenye lenzi ya mbele ya upana wa milimita 60 inatosha. Lenzi ya jicho ya milimita 10 kwenye darubini yenye urefu wa fokasi (umbali kutoka lenzi ya mbele hadi taswira inapokusanyika) wa milimita 700 hukuza mara 70. Iache nje nusu saa ipoe, la sivyo hewa ya moto ndani ya bomba itazichanganya nyota ziwe doa moja linalotetemeka. Nyota ikiwa chini karibu na upeo, tatizo ni lilelile, na kuongeza ukuzaji kutalizidisha tu.

Wakati ndio huu. Mwaka 2016 pengo kati ya A na B lilikuwa kama sekunde 4 za tao (sekunde moja ni sehemu ya 3600 ya nyuzi moja). Linapanuka kukaribia 10 kuelekea 2029, kisha kufikia 2037 litabana chini ya sekunde 2, na hapo darubini ndogo haitatosha.