Biopsi bado ipo sana
Jamani mwandishi wa makala moja kakimbia mno, eti kipimo cha damu cha maikroRNA (vipande vidogo vya RNA vinavyodhibiti kazi za jeni) kitaondoa biopsi, yaani kukata kinyama cha kupima, ya uvimbe wa ubongo. Ni kweli miR-21, moja ya hizo maikroRNA, inapanda kwenye glioblastoma, ile kansa kali ya ubongo, hilo linajulikana tangu 2005, ila hiyohiyo inapanda kwenye kansa ya matiti, ya mapafu, sasa ukiikuta kwenye damu utajuaje imetoka kichwani? Halafu chembe nyekundu zikipasuka kidogo tu kwenye tyubu, plazma (ule umajimaji wa damu) ikawa ya pinki pinki, miR-451, maikroRNA nyingine iliyomo kwenye chembe hizo, inamwagika humo na majibu yanavurugika yote. Maji ya uti wa mgongo afadhali, yanapita kwenye ubongo wenyewe, lakini nayo mgonjwa mwenye presha kubwa kichwani humchomi sindano ya mgongo hivihivi, unaweza kumuua.