Suruali Haikuchanwa na Bunduki

Najua imeshawafikia. Na najua ilivyowafikia: eti nilipewa bunduki ya upepo niijaribu, nikafyatua, ikanipiga teke hadi suruali ikachanika makalioni. Mtangazaji ni jamaa yangu mwenyewe, mwenye hiyo bunduki, na kwa bidii anayoisimulia nayo ungedhani analipwa kwa kila msikilizaji.

Uongo mtupu. Suruali ilichanika, hilo sibishi. Lakini bunduki ile haina teke! Ni ya kujazwa hewa kabla, zile wanazoziita PCP. Ukifyatua inatulia begani kana kwamba hujaigusa. Yeyote anayezijua bunduki za upepo akisikia stori hiyo anajua papo hapo kuna mtu anadanganya. Kilichonichania suruali ni pampu ya mkono ya kuijazia hewa. Naombeni tuheshimu utaalamu.

Ya kwangu mnaijua, mlio humu siku nyingi. Ya springi, ya risasi za milimita 5.5, ya kukunja mtutu. Unaukunja, springi inabanwa ndani, unaingiza risasi kwa kidole gumba, unaurudisha mtutu, kazi imekwisha. Haitaki mtungi wa hewa, haitaki mpira wa kujazia, haitaki geji ya kupimia presha. Ina kisirani chake tu: ukiibana, inakukosesha. Ukifyatua, pistoni inakwenda mbele na bunduki inarudi nyuma, halafu pistoni ikigota mwisho bunduki inaruka mbele, na yote hayo yanaanza risasi ikiwa bado mtutuni. Kwa hiyo unailaza juu ya kiganja kilichofunguka na begani unaigusisha tu. Ilishaniulia darubini kwa huko kuruka mbele, maana darubini nyingi zimeandaliwa kwa teke la kurudi nyuma peke yake. Tumezoeana hivyohivyo. Kitako kimeng'aa pale ninapolaza shavu.

Sasa jamaa akaja na maneno yake. Hiyo yako ya kizamani, ndugu yangu. Hii ina magazini, hurudii kuingiza moja moja. Haina teke, haichagui mshiko, haina kelele. Tubadilishane mkono kwa mkono, na pampu nakuachia.

Rudieni kuisoma hiyo sentensi ya mwisho. Mtu anakupa bunduki bora kuliko yako, hataki nyongeza, halafu anakuachia na pampu, tena huku anacheka cheka. Mimi niliona ni upendo.

Tukaenda kuijaribu pembeni ya shamba, pale sungura wanapotoka kumaliza mboga. Bunduki ililetwa tupu. Tupu kabisa, sindano ya geji imelala kwenye sifuri. Inatakiwa ijazwe hadi bari 200. Kwa msiojua bari ni kitu gani, tairi la gari ndogo linaridhika na mbili na ushee.

Nikaanza kupampu. Panda, shuka. Panda, shuka. Sindano haisogei. Kwenye mdomo wa mtutu nasikia ssssss.

"Inavuja hii," nikamwambia.

"Haivuji, bwana. We kaza."

Nikakaza. Jasho likaanza kuingia machoni. Sssss. Nimeshaacha kuhesabu ndipo mwenzangu anajipiga paji la uso: "Ala! Hujaikoki!" Kumbe ikiwa tupu na haijakokiwa, nyundo ya ndani inailalia valvu na kuiacha wazi, kwa hiyo kila ninachosukuma kinatokea mbele. Muda wote ule nilikuwa napuliza majani. Akavuta bolti, kah, sauti ya kuvuja ikakatika. Ishikeni hiyo, kwamba tuliikoki. Itarudi kunitesa.

Halafu usidhani hizi bunduki ni mambo ya juzi. Jeshi la Austria lilikuwa nazo tangu karibu mwaka 1780, kazi ya fundi Girardoni. Kitako chenyewe ndicho kilichokuwa chupa ya hewa, na ilibeba risasi zipatazo 20 kwa mkupuo. Kuijaza chupa moja kwa mkono kulihitaji mapigo yapatayo 1,500. Elfu moja na mia tano! Kila anayesimulia habari za bunduki ile husifia shabaha na ukimya wake. Suruali za wale askari hazitajwi popote. Nina maswali.

Tuendelee. Hadi bari 100 ni mazoezi ya kawaida. Kufika 150 unaanza kusimama juu ya mpini kwa uzito wako. Kuanzia 180 mikono haina kazi tena, unauangukia na mwili mzima, magoti yakikunjwa na tumbo likitangulia. Nilikuwa karibu kabisa na 200, mpini uko juu, pumzi nimeivuta, ndipo yakatokea masikio mawili. Kisha pua. Kisha sungura mzima, mnene, anatafuna, mita 25 hivi.

Jamaa akaninong'oneza: "Usishtuke. Malizia hiyo hiyo moja."

Nikaimalizia.

Mpini ulishuka robo, ukagoma. Nikalegeza magoti nikaulalia kwa kifua, ukashuka nusu. Nikapanua miguu ili nipate nguvu, ukashuka robo tatu, na hapo nikasikia kitambaa kinafikiria. Sina namna nyingine ya kulisema. Kilikuwa kinafikiria. Uzi mmoja ukaachia, tk. Nikatulia. Kurudi juu siwezi, maana hewa iliyobanwa mle ndani ingeurusha mpini, na kidevu changu kiko juu yake. Kushuka siwezi, kwa sababu mnazozijua. Nikabaki pale katikati, nimechuchumaa nusu nusu, natetemeka, namtazama sungura, sungura ananitazama. Uzi wa pili, tk. Jamaa yuko nyuma yangu na sioni sura yake, ila nasikia pumzi yake imekata. Mtu hujui uzi unaofuata utaachia lini. Nikaamua liwalo na liwe, nikashuka.

Prrraaaaaaaa!

Kutoka kwenye mkanda hadi pale zipu inapoishia upande wa pili. Bunduki ile ina kizuia sauti. Suruali haina.

Na sungura hakukimbia! Aliinua kichwa, akaangalia, akarudi kwenye mboga. Nadhani alipima akaona mtu wa namna hii hana madhara.

Mwindaji haachi mawindo kwa ajili ya nguo. Nikafungua skrubu ya kutoa hewa iliyobaki kwenye mpira, nikaichomoa bunduki, nikalala kifudifudi. Jamaa bado yuko nyuma. Wataalamu huwa wanarusha vumbi au majani makavu kujua upepo unatoka wapi. Mimi sikuhitaji. Ulikuwa unatoka nyuma, taratibu, na ulikuwa wa baridi.

Nikaweka jicho kwenye darubini. Mikono ilikuwa imechoka kwa kupampu hadi msalaba ulikuwa unazunguka sungura mzima, mara sikio, mara mkia, mara kabichi. Nikasubiri upite begani. Nikavuta triga.

Pfu.

Hewa tupu. Sungura alitikisa sikio.

Mnakumbuka tuliikoki ili isivuje? Iliendelea kuwa imekokiwa, ila risasi haikuwamo. Magazini ilikuwa mfukoni mwa jamaa! Kwenye ile yangu jambo hilo haliwezekani kirahisi, maana risasi inapita kwenye kidole changu na kidole kinakumbuka. Hata hivyo nishukuru haikuwa yangu: kuifyatua ya springi bila risasi ni kuitafutia ugonjwa, pistoni inakosa hewa ya kuipokea na inagonga chuma kwa chuma. Hii haikujali. Ilitoa pfu yake ikanyamaza.

Nikanyoosha mkono nyuma, nikapewa magazini bila neno, huku mpaji anatetemeka mabega. Nikaipachika. Bolti nyuma, bolti mbele. Nikalenga. Halafu wasiwasi ukaniingia: imeingia kweli, au napuliza tena? Bolti nyuma, bolti mbele. Sasa nina uhakika.

Nilikuwa na uhakika wa risasi mbili kwenye mtutu mmoja. Magazini haiulizi kama ile ya kwanza imetoka. Ukirudisha bolti, inaleta nyingine. Nikafyatua, hewa ya kusukuma risasi moja ikagawana mzigo wa mbili, na zote zikajichimbia udongoni kabla hata ya kufika katikati. Sungura akaziangalia zilipoangukia. Akaondoka. Kwa kutembea.

Nilirudi na koti kiunoni. Kuhusu njiani sisemi.

Sasa suala la kubadilishana, maana mmenijazia maswali. Bunduki yake ni nzuri, tusioneane wivu. Baada ya pale aliilaza juu ya mfuko wa mchanga akapiga karatasi, matundu yakagusana. Ya kwangu ikitaka kufanya hivyo lazima niwe nimelala vizuri na sina mawazo. Lakini kazi ya bunduki ya upepo haipotei hata siku moja, inahama tu. Mimi nailipa kidogo kidogo, mkunjo mmoja kwa risasi moja. Yeye anailipa yote kabla hajaanza, na ndiyo maana anatafuta mtu wa kumrithisha. Nimemwambia nitabadilishana siku akileta na mtungi wa hewa, ule mkubwa wa wazamiaji, umejaa. Akasema mtungi haumo kwenye mazungumzo. Nikasema basi na pampu isiwemo. Hapo akakasirika, akaniita msumbufu, na jioni ile ile ndipo mlipoanza kupata habari zangu.

Kwa hiyo ya kwangu bado ipo, imeegemea pale pale. Mwenye shida ya kujaribu PCP amtafute jamaa, yuko tayari saa yoyote, ila vaeni kitu kipana.

Na wewe uliyenitumia picha ya uzi na sindano, nimekuona.