Badilisha data, grafu iache kama ilivyo

Kama kuna kitu kinaniudhi kwenye programu za kompyuta tunazoundiana hapa Dar, ni grafu inayojifuta kila data mpya ikiingia. Msimamizi wa chumba cha baridi cha samaki pale Feri amekuza kipande cha saa nane hadi saa tisa usiku, umeme ulipokatika, aone joto lilipanda mpaka wapi. Kabla hajasoma, kipimo kipya kinaingia na grafu inamrudisha kwenye wiki nzima. Anakuza tena, anarudishwa tena. Hata ule mstari mwekundu aliouweka kwenye nyuzi -18 haupo.

Akilalamika anaambiwa data ni nyingi. Si kweli. Mara nyingi mkosaji ni amri moja ya kufuta, clear. Kwenye Matplotlib, maktaba ya kuchorea grafu kwa lugha ya Python, amri hiyo haiondoi mstari wa data peke yake. Inazoa kichwa, majina ya mihimili, gridi na mipaka yote. Ndipo unakuta kodi ndefu, yaani maandishi ya programu, ya kurudisha mapambo kila baada ya sekunde kadhaa, na sehemu aliyoikuza mtumiaji hakuna anayeikumbuka.

Chora mara moja, mstari upe jina, kisha kila data ikija itie kwenye mstari huohuo kwa amri ya set_data na umalizie na draw_idle, inayoonyesha mabadiliko kwenye skrini. Basi. Mihimili ikihitaji kutanuka, zipo relim, inayopima upya mipaka ya data, na autoscale_view, inayotanua mihimili ifuate mipaka hiyo, na hapa Matplotlib ina adabu: mtu akishakuza kwa vitufe vyake, autoscale_view inamwacha alipo. Wanaotumia Plotly, maktaba nyingine ya grafu, wana mpangilio uitwao uirevision. Isipobadilika thamani yake, mkuzo haupotei.

Wapo wanaobisha kwamba kuchora upya kunafanya kodi isomeke kirahisi. Kwa picha ya kubandika kwenye ripoti, nakubali. Dirisha linaloshinda wazi kutwa ni habari nyingine. Tena watumiaji wetu wengi wametokea Excel, ambako unabadilisha namba kwenye seli na rangi ya grafu inabaki ileile. Wanashangaa, na wana haki.

Chumba cha pili kikiongezwa? Ongeza mstari wa pili, usivunje grafu.

Mimi nikipewa programu niikague, kabla ya yote nakuza grafu, nabadilisha rangi kama inaruhusu, halafu nangoja data iingie. Ikinirudisha mwanzo, kurasa nyingine sizifungui. Inarudi kwa aliyeiandika.