Anzeni na matriki, jamani

Sijui nani aliwaambia waandishi wa vitabu vya makundi ya Lie (makundi ya mabadiliko yanayokwenda mfululizo, kama mizunguko) kwamba msomaji hastahili kuona mfano hata mmoja mpaka amalize topolojia, manifoldi (nafasi zinazoonekana bapa ukizitazama kwa karibu) na atlasi (mkusanyiko wa ramani zake). Sura ya kwanza teoremu, ya pili teoremu, ya tatu "ni rahisi kuona kwamba". Rahisi kwa nani? Sophus Lie mwenyewe (1842–1899) alianzia kwenye milinganyo ya difrensheli.

Chukua matriki J ya 2×2: mstari wa juu 0 na −1, wa chini 1 na 0. Izidishe kwa yenyewe, unapata −I (I ni matriki yenye 1 kwenye ulalo na 0 kwingine). Sasa ingiza tJ kwenye mfululizo wa exp, I + tJ + (tJ)²/2! + … Vipeo shufwa vinajikusanya kuwa cos t, witiri vinakuwa sin t, jibu ni (cos t)I + (sin t)J. Huo ndio mzunguko wa pembe t. Tayari umeshika kundi (mizunguko), aljebra yake (tJ zote) na njia ya kutoka huku kwenda kule (exp), na atlasi haijatajwa. Kwa SO(3), kundi la mizunguko ya anga ya vipimo vitatu, weka R = I + εA kwenye sharti RᵀR = I (ᵀ hugeuza mistari kuwa safu, ε ni namba ndogo mno), tupa chochote chenye ε²; kinabaki Aᵀ + A = 0, yaani namba 3 huru.

Halafu vitabu hivyo hivyo vinapitia mbio palepale wanafunzi wanapoanguka. exp(A)exp(B) kwa kawaida si exp(A+B) pale A na B zinapokataa kubadilishana nafasi. Sahihisho la kwanza, ndani ya exp, ni ½[A,B], ambapo [A,B] = AB − BA. Na exp haifiki kila mahali! Tazama SL(2,R), kundi la matriki za 2×2 za namba halisi zenye determinanti 1. X ya aljebra yake, yaani yenye jumla ya ulalo 0, ina thamani-aigeni (λ ambayo Xv = λv kwa vekta v isiyo sifuri) λ na −λ. Zikiwa halisi, jumla ya ulalo wa exp(X) ni 2cosh λ, haishuki chini ya 2. Zikiwa za kufikirika, λ = iθ, ni 2cos θ, haishuki chini ya −2. Basi matriki yenye −2 na −½ kwenye ulalo na 0 kwingine, ambayo jumla yake ni −2.5, haitokani na exp(X) yoyote, ingawa imo ndani ya kundi na unaweza kutembea kutoka I hadi kwayo bila kuruka. Mistari minne tu, nayo imefichwa kwenye zoezi la 17.

Haya, nakubali: kifuniko kamili cha SL(2,R) (universal cover: kundi linalofanana nalo kwa karibu, lakini ambamo kila kitanzi hukunjika hadi nukta) hakiandikiki kama matriki za ukubwa wenye kikomo, na hapo manifoldi zina kazi. Lakini makundi yote kompakti ya Lie (yasiyotawanyika bila kikomo, kama SO(3)) yanaandikika.

Ukihamia kitabu cha fizikia, tafuta i kabla ya kunakili chochote. Wao huandika [J₁,J₂] = iJ₃ (hizi ni vizalishi vya mizunguko ya SO(3), si J ya hapo juu), wanahisabati [X₁,X₂] = X₃, na daraja ni X = −iJ. Ukisahau alama hiyo ya kutoa, mabano yako yote yatageuka ishara.