Dodoso na uraia wa kidijitali: tunampima mwanafunzi au picha anayojichorea?

Shule na vyuo vingi sasa vinafundisha uraia wa kidijitali, yaani kutumia mtandao kwa heshima, usalama na uangalifu, pamoja na kushiriki humo katika mambo ya umma. Linapokuja suala la kupima kama somo limeingia, njia iliyozoeleka ni dodoso la kujitathmini. Mwanafunzi husoma sentensi kama "Huwa nahakiki habari kabla ya kuisambaza", kisha huchagua jibu kuanzia "sikubaliani kabisa" hadi "nakubaliana kabisa". Wanaoitetea njia hii wana hoja nzito: ni nafuu, hufikia wanafunzi wengi kwa muda mfupi, na mambo ya ndani kama kujali hisia za wengine hayajulikani ila kwa kumuuliza mhusika mwenyewe.

Hata hivyo, watafiti wenyewe hawajaafikiana juu ya kinachopimwa. Kipimo cha Lisa Jones na Kimberly Mitchell, kilichochapishwa mwaka 2016 kutokana na majibu ya vijana 979 wa Marekani wenye umri wa miaka 11 hadi 17, kina pande mbili: heshima mtandaoni na ushiriki wa kiraia. Kile cha Moonsun Choi na wenzake cha mwaka 2017 kina vipengele 26 katika makundi 5, likiwemo la uanaharakati wa kisiasa mtandaoni. Mwanafunzi mpole, asiyemtukana mtu lakini asiyetoa maoni yoyote, atang'ara katika upande wa heshima wa kipimo cha kwanza, na huenda akaonekana raia dhaifu katika cha pili. Tofauti hiyo inavumilika, mradi anayetangaza matokeo aseme wazi amepima uraia upi.

Lisilovumilika kirahisi ni kwamba jibu "zuri" la dodoso linajulikana hata kwa asiyelitenda. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walitoa ripoti kuhusu wanafunzi 3,446 wa sekondari nchini Marekani, ambao badala ya kuulizwa wanajionaje, walipewa kazi za kufanya huku intaneti ikiwa wazi mbele yao. Kazi mojawapo ilikuwa video hafifu iliyodaiwa kuonyesha wizi wa kura nchini humo, ilhali ilipigwa Urusi. Asilimia 52 waliiona kuwa ushahidi madhubuti, na ni watatu tu waliofuatilia hadi chanzo chake. Ni vigumu kuamini kwamba wengi wa hao wangekiri kwenye dodoso kuwa hawahakiki habari. Isitoshe, mwanafunzi aliyefundishwa vyema anaweza kujipa alama za chini kuliko awali, kwa kuwa sasa anaujua upungufu wake, na somo lililofaulu likaonekana limeshindwa.

Je, tuyaache madodoso na kubaki na majaribio ya vitendo? Sidhani. Jaribio huonyesha anachoweza kufanya mwanafunzi akijua anatazamwa, si anachokifanya usiku akiwa peke yake na simu. Ili kuujua mwenendo huo kwa hakika ingebidi kusoma jumbe zake, na hapo shule ingevunja faragha ileile inayomfundisha kuilinda. Bei hiyo ni kubwa mno, hata kama takwimu zingekuwa safi.

Kwa hiyo naunga mkono dodoso lisilotaja jina, liambatane na kazi mbili tatu za kuhakiki habari, na matokeo yasomwe kwa kiwango cha darasa. Wengi wakidai kwamba huhakiki habari kisha wakanaswa na video ya uongo, mwalimu atakuwa amepata mada ya muhula ujao. Ninachokipinga ni kuiandika alama ya uraia katika ripoti ya mwanafunzi mmoja mmoja, kwa sababu siku atakapojua kwamba jibu lake linahesabiwa, ataandika kile ambacho shule inataka kusikia, na hata ule ukweli kidogo ambao dodoso lilikuwa likitupatia utatoweka.