Ajali Hii Ina Kinga

Asubuhi ya Januari, Blue Spring, Florida. Baridi ya kuvalia makoti mawili, na juu ya maji kuna mvuke kama wa sufuria ya uji iliyoepuliwa sasa hivi. Nimeegemea ukingo wa njia ya mbao natazama chini. Mwanzoni unadhani ni mawe. Kisha jiwe moja linapanda taratibu, linatoa pua, linashusha pumzi kama mzee anayevua viatu baada ya safari, halafu linazama tena. Nguva. Mamia yao, wamelaliana kama magunia ya mkaa ghalani.

Wingi wao ulinishangaza, lakini kilichonishika ni migongo. Jike aliyekuwa chini yangu alikuwa na makovu saba yaliyopangana sambamba, meupe juu ya ngozi ya kijivu, kila moja urefu wa kiganja, nafasi kati ya kovu na kovu ikiwa sawasawa kana kwamba mtu alipima kwa rula. Hiyo ni propela. Inazunguka huku boti inasonga mbele, kwa hiyo inakata, inaruka, inakata, inaruka. Mtoto aliyelala ubavuni mwake alikuwa bado laini mwili mzima.

Watafiti wa pale huwatambua mmoja mmoja kwa makovu hayo. Wanayachora, wanayapiga picha, na msimu ukifika wanapita na mtumbwi wakisema huyu ni yule, yule ni fulani. Mimi nina alama za vidole. Nguva wa Florida ana boti zilizompitia.

Naandika "nguva" kwa kuwa sina jina jingine. Kwa usahihi, huyu si yule wetu wa Kilwa na Mafia, ni binamu yake. Wetu ana mkia wenye panda kama wa pomboo na hatoki baharini. Wa Florida ana mkia wa mviringo kama upawa, na maji ya bahari yakipoa hupanda mtoni mpaka kwenye chemchemi, kwa sababu mwili wake, pamoja na ukubwa wote ule, hauwezi kuvumilia maji ya chini ya nyuzi 20. Chemchemi ya Blue Spring hukaa kwenye nyuzi 22 mwaka mzima. Kwao ndiyo blanketi. Yuko na binamu mwingine Afrika Magharibi, ambaye anafika hadi Angola. Wote kazi yao ni moja: kula majani, kulala, kupanda juu kuvuta hewa.

Na hapo ndipo balaa lilipo. Nguva mzima wa Florida ana urefu wa mita 3 hivi na uzito wa kilo 450, wengine hupita kilo 1,000. Kuushibisha mwili ule ni kazi ya saa nyingi kila siku, na majani hayaoti kilindini, yanaota kwenye maji mafupi yanayofikiwa na jua. Kila dakika chache lazima apande juu. Kwa hiyo maisha yake karibu yote yako kwenye kimo kile kile cha maji inakopita mikuku ya boti, ule uti wa chini wa boti, katika jimbo lenye boti zilizosajiliwa karibu milioni 1. Mwaka 2019 nguva zaidi ya 130 walikufa kwa kugongwa. Wengine ukiwatazama kwa nje hawana mkato hata mmoja. Mkuku uliwavunja mbavu, ubavu ukatoboa pafu. Tunalijua hilo kwa sababu Florida mzoga wa nguva hupelekwa maabara, St. Petersburg, na wataalamu wanaupasua kutafuta sababu ya kifo.

Sasa niseme la kwangu. Miaka michache iliyopita mwenzangu wa kazini, mzaliwa wa huku, alinichukua kwenye boti yake Mto St. Johns siku ya Jumamosi. Mtu mkarimu, nyumbani kwake kuna sanamu ya nguva mlangoni inashika sanduku la barua. Tulipofika mahali palipo na kibao cha mwendo wa pole akapunguza, sheria ya pale ni boti ikae sawa majini bila kuinua mawimbi. Tukaenda hivyo dakika tano, sita. Mimi ndiye niliyeanza kutazama saa. Nilikuwa na zamu ya jioni, wazee ninaowahudumia hawangojei. Akanisoma usoni, akatabasamu, akafungulia injini.

Tukasikia kishindo chini. Kimoja tu, kizito, nikakihisi kwenye nyayo. Akazima, tukageuka kutazama nyuma. Maji ya mto ule ni kama chai ya rangi, huoni kitu. Tukangoja kidogo.

"Gogo," alisema.

"Gogo," nami nikasema.

Inawezekana lilikuwa gogo. Lakini najua tuliondoka mapema kuliko anavyoondoka mtu mwenye uhakika kwamba ni gogo.

Baadaye alisema kwa lugha yake kile ambacho sisi tunasema kwa yetu: ajali haina kinga. Tumelilea neno hilo, ajali. Asili yake Kiarabu, ni ile siku ya mtu iliyoandikwa, na bado tunalitumia kwa maana hiyo hiyo bila kujijua: basi linapinduka, dereva alikuwa anakwenda kasi, tairi kipara, sisi tunasema ajali, yaani iliandikwa. Nguva mwenye makovu saba aliandikiwa nini? Jambo linalotokea mito ile ile, msimu ule ule, kwa namna ile ile, mamia ya mara kwa miaka kadhaa, mimi siwezi tena kuliita ajali. Lina kinga. Iko kwenye kibao, kwa herufi kubwa.

Nawasikia wenye boti. Wanasema sehemu za mwendo wa pole zimezidi, biashara za mtoni zinaumia, mto ni wa watu pia. Sina ugomvi na boti. Nimezaliwa ufukweni, nimekulia ndani ya mashua. Lakini tupige hesabu. Kipande cha kilomita 3 ukikipita kwa kilomita 40 kwa saa ni dakika nne na nusu. Kwa kilomita 10 ni dakika kumi na nane. Ugomvi wote huu, mikutano, kesi, vibao vinavyong'olewa usiku, ni wa dakika kumi na tatu na nusu. Nazijua dakika hizo, kwa kuwa mimi mwenyewe nilizinunua Jumamosi ile.

Na kinga ya namna hii inafanya kazi, wala si nadharia. Hapo Blue Spring msimu wa baridi hakuna boti wala mtumbwi wa watalii kuingia kwenye mkondo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 walikuwa wanahesabu nguva thelathini na kitu. Januari 2024 walihesabiwa 932 kwa siku moja. Najua wengine walihamia kutoka kwingine baada ya kusikia harufu ya usalama, lakini kuhamia nako si wanahamia penye kufaa?

Tatizo ni kwamba mafanikio kama haya yanawapa watu usingizi. Mwaka 2017 serikali ya Marekani ilimshusha nguva kwenye daraja la ulinzi, kwamba sasa hayuko tena kwenye hatari ile kubwa. Miaka minne baadaye, 2021, wakafa takriban 1,100 katika mwaka mmoja, na safari hii wengi wao hawakugongwa na chochote. Walikufa njaa. Indian River Lagoon, ule mkono mrefu wa maji ya chumvi upande wa mashariki, ulikuwa umepoteza zaidi ya nusu ya nyasi bahari zake. Mbolea za bustani na maji ya vyoo vya majumbani viliingia mle, mwani ukafumuka, maji yakawa kama supu, jua halifiki chini, nyasi zikafa. Nguva walikusanyika kwenye maji ya moto yanayotoka mtambo wa umeme (ndiyo, zaidi ya nusu yao siku hizi wanategemea mitambo ya umeme kuotea joto), wakawa na joto bila chakula. Wakachagua joto.

Ikabidi watu wawarushie letusi. Sikutanii. Baridi ya 2021 kuingia 2022 walilishwa karibu tani 90 za letusi pale mtamboni, Cape Canaveral, wamevuliwa sifa ya unyama-mwitu wakasimamishwa foleni ya msaada. Aprili 2025 jaji wa mahakama ya shirikisho alisema wazi kwamba jimbo, kwa kuruhusu mashimo ya vyoo yaendelee kuchafua maji yale, linavunja sheria ya kulinda viumbe vilivyo hatarini. Hapo pia utasikia ni bahati mbaya tu, hakuna aliyekusudia.

Nilimpigia mjomba, Kilwa, kumhadithia habari za letusi. Nikajua atacheka, akacheka mpaka akakohoa.

"Mashamba yetu tunafukuza nguruwe, wao wanamwagia nguva mboga!"

Mjomba amevua kwa jarife, ule wavu wa matundu makubwa, maisha yake yote. Kwetu boti za kasi ni chache. Kinachoua nguva ni jarife. Linatandazwa usiku kutafuta papa na taa, yule samaki bapa, nguva anapita zake kufuata majani, ananaswa, hawezi kupanda juu, na dakika chache baadaye amekufa maji yeye mnyama wa majini. Hakuna maabara ya kumpasua. Sheria inakataza kumvua, kwa hiyo akinaswa anakatwakatwa kimyakimya kabla ya alfajiri, na hesabu yake inaishia kwenye sufuria. Nilipokuwa mdogo niliwahi kula nyama yake bila kuambiwa ni ya nini. Desemba 2022 wataalamu wa IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, walimweka nguva wa Afrika Mashariki kwenye daraja la mwisho kabla ya kutoweka porini: wazima waliobaki hawafiki 250, ukanda wote, na wengi wako Msumbiji.

Mjomba alisikiliza. Kisha akauliza, "Huko, akiingia jarifeni, mwenye jarife wanamfanyaje?"

Nikamwambia Florida hakuna tena jarife. Wananchi walipiga kura Novemba 1994, zaidi kwa ajili ya samaki kuliko nguva, na Julai 1995 nyavu za aina hiyo zikaondolewa majini.

"Na wavuvi?"

"Serikali ilinunua nyavu zao, mjomba."

Simu ikanyamaza, nikadhani vocha imekwisha.

"Langu lina vipande sita," akasema. "Kimoja kimechanika, lakini vitano vizima. Waambie waje."