Spinachi ya Mjamzito na Spinachi ya Mwenye Vijiwe vya Figo

Omba spinachi kwenye genge lolote la Dar es Salaam, au soko la Nairobi, na mara nyingi utafungiwa majani mapana yanayong'aa, yenye shina nene jeupe. Kwa wataalamu wa mimea hiyo siyo spinachi. Ni ndugu wa bitiruti. Spinachi yenyewe ina majani madogo, laini, na haipatani na joto: likizidi huwahi kutoa maua. Mchicha nao ni wa ukoo huohuo. Kwa hiyo anayeisifu spinachi na anayeilaumu huenda wanabishania mboga mbili tofauti. Bahati nzuri ni kwamba zote tatu zikifika tumboni zina tabia zinazokaribiana, kwa hiyo ubishi unaweza kuendelea.

Sifa kubwa tuliyoizoea ni ya damu. Mama mjamzito akiambiwa damu imepungua, jirani wa kwanza atamwambia ale mboga za majani. Tupige hesabu. Gramu 100 za spinachi mbichi zina miligramu 2.7 hivi za madini ya chuma. Mjamzito anahitaji takribani miligramu 27 kwa siku. Angetegemea spinachi peke yake ingembidi amalize kilo nzima kila siku, na hata hapo mwili ungefyonza sehemu ndogo tu, maana chuma cha majani hakifyonzwi kwa urahisi kama cha nyama au dagaa. Jirani hakukosea kumpa mboga. Angekosea kama angemwambia aache vidonge alivyopewa kliniki.

Ila kuna jambo ambalo jirani huyo hulisahau. Gramu 100 hizo zina folati, vitamini ya kundi B, mikrogramu 190 na kitu, na folati ndiyo inayohitajika wiki za mwanzo kabisa, wakati uti wa mgongo wa mtoto unajiunda na mama pengine hajajua kama ana mimba. Ningeulizwa, ningeisifia spinachi kwa hilo kabla ya damu.

Sasa lawama. Majani haya yana oksaleti nyingi, kemikali ya asili ya mimea, ile inayokuacha na meno kama yamepakwa chaki ukila mbichi. Oksaleti hushikana na kalsiamu, na zikishikana mwili hauipati tena. Ndiyo maana kalsiamu ya spinachi, inayovutia sana ukiisoma kwenye jedwali la lishe, hufyonzwa asilimia 5 tu hivi, wakati ya maziwa hufika robo au zaidi. Anayetafuta mifupa imara kwenye majani aende kwa sukuma wiki, ambayo ni ya ukoo mwingine na oksaleti yake ni kidogo. Oksaleti inayobaki huru huingia kwenye damu na kutolewa kupitia figo, na vijiwe vingi vya figo ni vya kalsiamu na oksaleti. Wengi wetu hatuna haja ya kuogopa bakuli la mboga. Aliyewahi kupata kijiwe ana haja.

Kuhusu choo, spinachi inapewa heshima kupita kiasi. Nyuzinyuzi zake ni gramu 2 na kidogo kwa kila gramu 100. Maharage yaliyopikwa yanaizidi zaidi ya mara mbili. Inasaidia kwa sababu ikipikwa inanywea, rundo zima linakuwa vijiko vichache, na mtu anakula nyingi bila kujua. Ina maji na magnesiamu pia. Aliyezoea wali na chipsi akianza ghafla kuila kila siku, tumbo litajaa gesi siku kadhaa mpaka lizoee. Lakini kabla ya kuilaumu, tazama kilichokuwa pembeni yake sahanini. Mara nyingi ni maharage. Choo kikigeuka kijani, hiyo ni rangi ya majani tu.

Ubishi unanoga jikoni. Ukiichemsha na kumwaga maji, oksaleti nyingi inaondoka nayo. Humfaa mwenye vijiwe. Lakini folati na vitamini C navyo vinayeyuka kwenye maji yaleyale ya kijani, kwa hiyo mjamzito anamwaga alichokuwa anakitafuta. Mtindi vivyo hivyo. Ukiliwa pamoja na mboga, kalsiamu yake huinasa oksaleti tumboni kabla haijafika kwenye figo, lakini kalsiamu hiyohiyo hupunguza ufyonzaji wa chuma. Mwenye vijiwe achemshe, amwage, ale na mtindi. Mwenye mimba aiivishe upesi kwa maji kidogo asiyoyamwaga, akamulie ndimu baada ya kuepua ili chuma kifyonzwe vizuri, na chai, inayokizuia, isubiri saa moja au mbili. Tui la nazi liwafae wote wawili: bila mafuta, karotini ya majani, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, haifyonzwi vizuri.

Ninayemhofia kidogo ni mnywaji wa juisi ya kijani. Anasaga majani mabichi mengi kuliko ambayo angeweza kuyatafuna, hakuna maji yaliyomwagwa, mara nyingi hakuna mafuta wala maziwa, na anakunywa asubuhi akiwa hajala kitu. Madaktari wamekutana na wagonjwa wachache ambao figo zao ziliharibika kwa mtindo huo. Ni wachache kweli, na wengine walikuwa na matatizo mengine tangu mwanzo. Mbichi ina hatari yake nyingine pia: mwaka 2006 nchini Marekani spinachi mbichi ya mifukoni iliyobeba bakteria aina ya E. coli iliugulisha watu karibu 200, na 3 wakafariki. Nikizikumbuka bustani zinazomwagiliwa kwa maji machafu ya Mto Msimbazi, Dar es Salaam, mimi majani yangu hupita motoni kwanza.

Wa mwisho ni mtumiaji wa warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Vitamini K ya spinachi, mikrogramu 480 hivi kwa gramu 100, hupingana nayo moja kwa moja. Wengi wao huamua kuacha mboga kabisa, na hilo nalo linaivuruga dawa, maana daktari alipanga kipimo kwa mtu anayekula mboga. Akiwa amezoea bakuli moja kila Jumatano na Jumapili, abaki na bakuli hilo hilo, na akitaka kubadilisha amwambie daktari kwanza.